Nani Atanitafuta Huku Lodwar?

Swali hilo nimelisikia kwa watu wengi. Mwenye duka la nafaka karibu na stendi ya Lodwar aliniuliza, mhudumu wa zahanati akaniuliza, na mwalimu mwenzangu kule Kakuma akaniuliza huku akicheka: mimi na laptopu yangu ya mitumba, na hizi barua zangu za kuomba kazi, ni mdukuzi gani wa Urusi atahangaika kunitafuta? Mtu akishauliza hivyo, ujue amekwisha kuamua. Fayawoli, ile programu inayokaa kati ya kompyuta yako na mtandao ikichuja kinachopita, anaiona ni mambo ya benki na wizara za Nairobi.

Ninajua fikra hiyo inakotoka. Turkana, kaunti yetu hii, imezoeshwa kujiona iko mbali. Serikali ya mkoloni iliifanya wilaya iliyofungwa, asiye mwenyeji haingii ila kwa kibali. Ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mahali ambapo sauti yake isingesikika, ilimpeleka Lokitaung, kisha mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar. Na hata leo, panda basi la kwenda Kitale, utawasikia abiria wakisema kwamba wakishapita Kainuk ndipo wanapoingia Kenya. Watu waliolelewa katika umbali wa namna hiyo hawawezi kulaumiwa wakidhani kwamba hata mwizi atachoka njiani.

Kwenye mtandao hakuna anayechoka njiani. Mnyoo wa kompyuta, yaani programu ya uharibifu inayojisambaza yenyewe, haumjui mtu wala haumtafuti. Mnyoo wa Blaster, uliozuka Agosti 2003, ulikuwa ukibahatisha namba za anwani na kubisha hodi kwenye lango namba 135 la kila kompyuta iliyoitika. Sasser, uliofuata mwishoni mwa Aprili 2004, ulibisha lango namba 445. Kompyuta moja ina malango zaidi ya 65,000 ya namna hiyo, mengi yakiwa hayana kazi yoyote, na kazi ya kwanza ya fayawoli ni kuhakikisha anayebisha bila kuitwa hajibiwi. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa na fayawoli ndani yake, ila ilikuja ikiwa imezimwa. Ni Agosti 2004, kwa sasisho kubwa la Service Pack 2, ndipo Microsoft ilipoiwasha kwa kila mtu. Mwaka huo huo taasisi ya SANS ya Marekani ilikadiria kwamba kompyuta ya Windows isiyo na kinga, ikiachwa wazi kwenye intaneti, ingeshambuliwa baada ya dakika 20 hivi. Mashambulizi hayo hayakuwa na haja ya kujua jina la mji.

Mimi nilifika Lodwar mwaka 2009, mwalimu wa hesabu, nikiwa na kompyuta ya mezani iliyosafiri juu ya magunia. Mchana nilifundisha, jioni niliwawekea wafanyabiashara wachache hesabu zao kwa malipo madogo. Vumbi la Lodwar halina adabu. Feni ya kompyuta ilikuwa ikilivuta mpaka ikanguruma, na kila mwisho wa wiki niliifungua kuipangusa kwa brashi ya rangi. Kompyuta za wenzangu nyingi zilikuwa na XP iliyowekwa kwa CD za kunakili, nyingine toleo la mwanzo kabisa lisilo na sasisho hata moja. Na zile zilizokuwa na fayawoli iliyowashwa, mafundi walikuwa wakiizima kwa makusudi, kwa sababu iliwazuia kuifikia printa ya pamoja. Nilimuuliza mmoja kwa nini asifungue lango la printa peke yake. Akanitazama kama mtu aliyeombwa atoboe tundu la sindano ilhali nyundo iko mkononi.

Kilichotusitiri zaidi katika miaka ile hakikuwa ujanja wetu. Wengi tuliingia mtandaoni kwa modemu za kampuni za simu, zile za kuchomeka pembeni, na mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Anayebisha kutoka nje bila kuitwa hafiki kwako moja kwa moja. Kwa hiyo majarida ya kompyuta yaliyokuwa yakituonya juu ya wavamizi wa mbali yalikuwa yakieleza hatari ya kweli, ila siyo iliyokuwa ya kwanza kwetu.

Ya kwanza ilikuja kwa basi. Mnyoo wa Conficker ulionekana Novemba 2008, ukipitia ufa ambao Microsoft ilikuwa imekwisha kuutolea kiraka mwezi mmoja kabla. Januari 2009 ulikuwa umeivuruga mitandao ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza na ya jeshi la majini la Ufaransa. Toleo lake la pili lilijua kujinakili kwenye flashi. Hivyo mtu akienda Kitale kuchapisha ripoti, akachomeka flashi yake kwenye kompyuta ya saiba, alirudi Lodwar na mnyoo mfukoni. Dalili yake niliiona mwenyewe kwenye mashine yangu: tovuti zote zinafunguka, isipokuwa za kampuni za kinga ya virusi. Ukiandika anwani ya gazeti, linakuja. Ukiandika anwani ya mahali pa kupata dawa, ukurasa mweupe.

Kulikuwa na kijana fundi karibu na soko, aliyekuwa akitengeneza simu, redio na kompyuta juu ya meza moja. Nilimpelekea ile mashine. Hakuifungua hata skrubu.

“Mwalimu, hii si ya net,” akasema. “Hii ni ya flashi. Hata uweke fayawoli gani, haioni flashi.”

Alikuwa sahihi, na hilo ni jambo ambalo wauzaji wa programu za ulinzi hawalisemi kwa sauti. Fayawoli hukagua kinachopita kwenye mtandao. Kinachoingia kwa flashi, kwa CD, au kwa wewe mwenyewe kubofya kiambatisho cha barua pepe ulichotumiwa na “mteja”, hicho kwake hakipo. Lakini kijana yule hakuwa amemaliza habari yote, na iliyobaki niliiona shuleni. Katika chumba cha walimu palikuwa na kompyuta zilizounganishwa kwa waya. Zile ambazo fayawoli yake ilizimwa kwa ajili ya printa ziliambukizana zenyewe kwa zenyewe usiku, bila flashi ya mtu yeyote. Ya katibu, ambayo hakuna fundi aliyewahi kuigusa, ilibaki safi mpaka siku mtu alipoichomekea flashi yake kuchapisha mtihani. Fayawoli haikumzuia mgeni wa mfukoni, lakini ilimzuia jirani mgonjwa.

Basi nikaanza kutafuta fayawoli ya kuweka nyumbani. Majina yaliyosifiwa wakati ule yalikuwa ZoneAlarm, Comodo, Kerio na Sygate. Sygate ilinunuliwa na Symantec mwaka 2005 na kusimamishwa. Kerio ilihamia mikononi mwa Sunbelt. ZoneAlarm ilikuwa ya Check Point tangu 2004. Nayataja haya kwa sababu moja tu: programu ya bure unayoipenda leo inaweza ikauzwa kesho, na ikikaa bila kusasishwa hugeuka kuwa yenyewe ndiyo ufa. Za kulipia zilikuwapo pia, kwenye DVD za kunakili zilizotoka Nairobi na “ufunguo” umeandikwa kwa kalamu juu yake. Kuweka mlinzi aliyeibwa, aliyefunguliwa na mtu usiyemjua, ni jambo ambalo sijaelewa hadi leo watu walilifanyaje kwa moyo mweupe.

Tofauti kubwa kati ya fayawoli hizo na ile ya XP ataielewa yeyote aliyewahi kuingia kwenye kampaundi ya shirika la misaada pale Kakuma. Soja wa langoni hukuandika kitabuni unapoingia, na soja huyo huyo huifungua buti ya gari unapotoka. Fayawoli ya XP ilikuwa na nusu ya kazi hiyo: ilikagua wanaoingia tu. Programu iliyokwisha kuwa ndani ikitaka kutoka na mzigo wako, ilipita ikipunga mkono. ZoneAlarm na wenzake waliuliza pande zote mbili. Microsoft iliongeza uwezo wa kukagua wanaotoka kwenye Windows Vista mwaka 2007, lakini hadi Windows 11 ya leo, usipoiambia vinginevyo, wanaotoka wote wanaruhusiwa.

Ukisoma hivyo utadhani jibu liko wazi: chagua ile inayokagua pande zote mbili. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipohamia Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, walipofika wale vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, na ilikuwa imekwisha kuwa mji kamili kando ya lagga ya Tarach, mto wa msimu, nilipofika kufundisha kompyuta. Darasa letu lilikuwa la mabati, umeme wa sola, na saa saba mchana hata kipanya kilikuwa cha moto mkononi. Walikuwamo vijana wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo, na Waturkana wa hapo hapo. Tuliweka kwenye mashine zote fayawoli moja ya bure, ya zile zinazouliza, tuone vijana watajifunza nini.

Walijifunza haraka mno. Kila programu ilipotaka kutoka, kisanduku kilichomoza pembeni: programu fulani inataka kuingia mtandaoni, uiruhusu au uikatae? Kijana mmoja wa Bukavu aliinua mkono.

“Mwalimu, hii mashini iko inauliza kila saa. Mi najibu nini?”

Nikaenda kutazama. Kisanduku kilikuwa kikiuliza juu ya kitu kiitwacho svchost.exe. Sasa mwambie kijana aliyeanza kushika kipanya mwezi uliopita svchost.exe ni nini. Ni ganda ambalo Windows hulitumia kuendeshea huduma zake nyingi, ikiwamo ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani. Ukiikataa, kompyuta inabaki kwenye mtandao lakini haijui njia ya kwenda popote. Na kweli, dada mmoja wa safu ya nyuma alikuwa amekwisha kuikataa, kwa busara kabisa, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa na sura ya vairasi. Mtandao ukafa kwake. Jirani yake akadhani mnara wa simu umeanguka. Watu wawili wakatoka nje kuutazama mnara.

Baada ya hapo hakuna aliyekataa tena. Kisanduku kikitokea, mkono unabofya “Ruhusu” kabla jicho halijafika. Mmoja akashusha mchezo wa mpira kutoka tovuti ya ajabu ajabu, na ulipoomba kutoka kwenda kusikojulikana, aliuruhusu kwa kasi ile ile. Fayawoli ilikuwa imefanya wajibu wake barabara, imeona, imesimamisha, imeuliza. Ila ilimuuliza asiyejua, na ikamzoesha kusema ndiyo. Tuliiondoa, tukairudisha ile ya Windows isiyouliza mengi. Tangu wakati huo, mtu akiniuliza fayawoli ipi ni bora, nami humuuliza kwanza: katika nyumba yako, nani atakayeyajibu maswali yake? Kama ni wewe na unajua unachokisoma, karibu. Kama ni watoto, au mama mkwe anayefungua picha za harusi, tafuta isiyouliza.

Jambo la pili nililojifunza Kakuma linahusu swali moja ambalo Windows huuliza yenyewe, na ambalo watu wengi hulijibu bila kufikiri.

Pale kambini waifai ilikuwa biashara. Mtu mwenye laini nzuri aliweka antena juu ya paa lake, akauza vocha za saa moja au za siku nzima, na nyumba za mtaa mzima zikaingia kwenye mtandao wake mmoja. Windows 7, ulipojiunga na mtandao mpya, ilikuuliza: hapa ni nyumbani, kazini, au mahali pa umma? Mama mmoja wa Kisomali, mwenye duka la vitambaa, alinunua laptopu, na mpwa wake akaiunganisha na waifai ya jirani wakiwa wameketi sebuleni. Akachagua nyumbani. Alijibu kweli: walikuwa nyumbani. Ila kwa Windows neno hilo lilikuwa na maana ya kwamba unaziamini kompyuta zote zilizo kwenye mtandao huu, zikuone nawe uzione. Isitoshe, fundi alikuwa amekwisha kuzima nywila ya kushirikisha folda ili simu ya mpwa huyo iweze kusoma filamu zilizo kwenye laptopu.

Mwanafunzi wangu mmoja, akiwa nyumba kadhaa mbali na hapo, alibofya alama ya mtandao akaona orodha ya kompyuta. Akabofya mojawapo. Mbele yake zikafunguka picha za watoto wa mtu, na kando yake folda ya nakala zilizoskaniwa: karatasi za usajili wa ukimbizi, barua, vyeti vya kuzaliwa vya familia nzima. Kwa mtu wa kambini karatasi hizo ndizo uhai wake. Kila kitu, kuanzia mgao wa chakula hadi safari ya kuhamishiwa nchi nyingine, kinapita humo. Kijana yule alikuwa muungwana, akaja kuniambia. Tulikwenda pamoja dukani.

“Mama, shikamoo. Picha zako zinaonekana kwa jirani.”

“Wallahi? Jirani gani?”

“Kila aliyenunua vocha.”

Alikaa kimya, akaagiza chai iletwe, akanisogezea laptopu. Tulibadilisha jibu, kutoka nyumbani kwenda mahali pa umma, tukarudisha nywila, na kile kijana alichokuwa akikiona kule kwake kikatoweka. Hakuna programu iliyonunuliwa wala kushushwa. Fayawoli iliyohitajika ilikuwa ndani ya mashine tangu ilipotoka dukani, ikisubiri kuambiwa mahali ilipo. Windows 10 na 11 zimepunguza tatizo hili, kwani mtandao mpya sasa huhesabiwa kuwa wa umma mpaka useme vinginevyo au ukubali kompyuta yako ionekane. Hata hivyo bado nakutana na laptopu za mitumba zilizobadilishwa na mmiliki wa kwanza na kuachwa hivyo hivyo. Kwa Kakuma, makazi ya jirani ya Kalobeyei, na vyumba vya kupanga vya Lodwar ambako nyumba kadhaa hugawana waifai moja, msimamo wangu ni huu: hakuna mtandao wa nyumbani. Kila mtandao ni wa umma, hata ukiwa umevua viatu.

Sasa kuhusu wanaotoka. Nilisema fayawoli yenye maswali mengi tuliiondoa, na mtu angeweza kudhani nimeacha kabisa kuwajali wanaotoka. La. Huku kwetu kuna sababu ya kuwajali ambayo majarida ya Ulaya hayaigusi, nayo ni bando. Wenzetu wenye faiba isiyo na kipimo huwaza juu ya siri zinazovuja. Sisi huwaza pia juu ya pesa inayovuja. Unanunua bando asubuhi ili utume ripoti jioni. Unaacha laptopu ikiwa imewashwa unakwenda sokoni. Unarudi, bando limeisha na ripoti haijatumwa. Mimi nilishawahi kuona programu ya kuchezea video, kitu nisichokitumia, ikijishushia toleo jipya mara kwa mara kwa sababu kila mara umeme ulikatika kabla haijamaliza, nayo ikaanza upya. Na mambo haya si ya huku peke yake. Mwaka 2015, Windows 10 ilipotoka, Microsoft ilikiri kwamba ilikuwa ikishushwa kimya kimya kwenye kompyuta za watu ambao hawakuiomba, mzigo wa gigabaiti kadhaa. Mtu wa London huenda hakujua. Mtu wa Lodwar alijua siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumjua mlaji. Windows 10 na 11 zina ukurasa wa matumizi ya data ndani ya mipangilio ya mtandao, unaoonyesha kila programu imekula kiasi gani katika siku 30. Wengi hawajawahi kuufungua. GlassWire, iliyotoka mwaka 2014, huonyesha jambo hilo hilo kwa mchoro unaopanda na kushuka mbele ya macho, na kwa kufundishia sijaona kizuri zaidi. Mwanafunzi akishaona mlima ukipanda wakati hafanyi chochote, huhitaji kumhubiria. Hatua ya pili ni kuiambia Windows kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, kitufe kimoja tu, na yenyewe itazuia mizigo yake mingi mikubwa. Ya tatu, kwa wale wasumbufu waliobaki, ni kuandika kanuni ya kuwazuia wasitoke. Fayawoli ya Windows inaweza, ila ukurasa wake wa kanuni za ndani umeandikwa kwa ajili ya wahandisi. Ndiyo maana nikaipenda TinyWall, ndogo, ya bure, inayofunga kila anayetoka mpaka umruhusu, tena bila kukurushia visanduku usoni. Ukitaka programu ipite, unaionyesha wewe mwenyewe. Inamtaka mtu mvumilivu. Siku za kwanza kila kitu kitaonekana kimeharibika, printa, Zoom, hata kalenda. Nimewawekea watu wachache walioomba wenyewe. Sijamwekea mtu asiyeomba.

Wenye Ubuntu nao wasijione wamesamehewa. Fayawoli yake, ufw, imekuwamo tangu 2008 lakini huja ikiwa imezimwa. Amri moja ya maneno matatu inaiwasha: sudo ufw enable. Basi.

Hapa lazima niweke neno la tahadhari, maana nimeona watu wakilichukua hili la bando mpaka mbali. Wanazuia masasisho ya Windows kabisa, mwaka hata miaka, wakijisifu kwamba bando lao halipotei. Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ulifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 100, ukatikisa hospitali za Uingereza, na ulipita lango lile lile namba 445 ambalo Sasser ulilibisha miaka 13 nyuma. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamekiweka hawakuguswa. Fayawoli hufunga lango, lakini kuna siku utalifungua mwenyewe kwa ajili ya printa au kwa ajili ya mgeni, na siku hiyo kinachokulinda ni kiraka. Kwa hiyo usiyakate masasisho, yapangie wakati. Mimi hubeba laptopu hadi mahali penye waifai ya kazini, au husubiri bando la usiku. Na kama mashine yako bado ina Windows 10, ujue Microsoft ilisimamisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna fayawoli itakayoziba pengo hilo kwa niaba yake.

Kuna upande mwingine ambao fayawoli haiufikii kabisa, nao ndio uliowaliza watu wengi ninaowajua Turkana: simu inayopigwa na sauti nzuri ikikueleza kwamba pesa imetumwa kwako kwa makosa, irudishe. Hapo hakuna lango la kufunga. Sina la kuongeza.

Umbali nao umezidi kwisha. Barabara ya kutoka Kitale hadi mpakani Nadapal imejengwa upya sehemu kubwa, na mradi huo ulikuja pamoja na mpango wa kulaza faiba kufuata njia hiyo hiyo. Dishi za Starlink, za intaneti ya setilaiti, zinapatikana Kenya tangu 2023, nazo hazijali barabara. Mtandao wa kasi ni neema, nani asiyeutaka? Lakini ile stara ya bahati tuliyokuwa nayo nyuma ya modemu za simu tusiitegemee tena. Anwani za kizazi kipya zinaweza kukipa kila kifaa ndani ya nyumba namba yake kamili ya kufikika kutoka popote duniani, na hapo fayawoli ya ruta na ya kompyuta ndizo zinazobaki zikijibu hodi.

Kwa nyumba nyingi za Lodwar na Kakuma, basi, uamuzi wangu hauna mbwembwe: ile ya Windows iliyomo ndani inatosha, ikiwa imewashwa na mtandao umehesabiwa kuwa wa umma. Pesa ambayo ungeinunulia fayawoli ya kulipia, inunulie bando la masasisho. Ukitaka kuona nani anakula, ongeza chombo cha kuonyesha. Ukiwa mtu wa kufuatilia, ongeza TinyWall.

Na wewe unayekwenda kununua laptopu ya mitumba wiki hii, usiridhike na muuzaji kukuonyesha kwamba inawaka na ina filamu. Mwambie aandike neno “firewall” kwenye kisanduku cha kutafutia, afungue ukurasa unaotokea. Utaona mistari mitatu: mtandao wa ofisi, wa binafsi, na wa umma. Yote mitatu iwe imewashwa. Ukikuta hata mmoja umezimwa, auwashe mbele yako, kisha ndipo umlipe.